Subira ya Mwenye Kujitolea: Tarakilishi za Mbali na Swali la Mvua ya Garissa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri, lakini hawakueleza subira hiyo iwe ya muda gani, wala ni nani mwenye wajibu wa kumjulisha mwenye kusubiri kwamba heri imekwisha kufika. Swali hilo limezuka upya katika uwanja ambao wahenga hawakuufahamu, yaani uwanja wa utafiti unaofanywa kwa tarakilishi za watu wanaojitolea.

Tarehe 10 Februari 2017 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Miongoni mwa sehemu zilizoumia ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kwa pamoja ndizo zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013. Mvua za vuli za mwaka wa 2016 zilikuwa haba mno, malisho yakakauka na mifugo ikadhoofu. Mfugaji aliyekuwa akiyatazama hayo alikuwa na swali moja lililo zito kuliko mengine: je, ukame huu ni ule uliojulikana na mababu, ambao huja na kuondoka, au ni wa aina mpya ambao utarejea mara kwa mara na kwa ukali zaidi?

Sehemu ya jibu la swali hilo ilitafutwa mbali sana na ukingo wa Mto Tana. Ilitafutwa katika tarakilishi za watu wa kawaida, wengi wao wasiowahi kuikanyaga ardhi ya Garissa, ambao walikubali mashine zao zipige hesabu za tabianchi wakati wao wenyewe wamelala au wameshughulika na mambo mengine. Watu hao hawakulipwa. Walichotoa ni umeme, muda wa mashine zao na subira. Mara nyingi subira hiyo ilijaribiwa na wengine walivunjika moyo.

Makala haya yanaeleza jinsi ukokotoaji wa kujitolea unavyofanya kazi, sababu ya mvua ya Kaskazini Mashariki kuhitaji msaada wa aina hiyo, mambo yanayowakatisha tamaa wenye kujitolea, na deni ambalo watafiti wanalo kwa pande mbili zinazosubiri: mwenye tarakilishi na mwenye mifugo.

Ukokotoaji wa Kujitolea ni Nini?

Tarakilishi nyingi za nyumbani na ofisini hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mtu anapoandika barua au kusoma habari, kichakato cha mashine hubaki bila kazi kwa muda mwingi. Wanasayansi walitambua kwamba uwezo huo uliolala ungeweza kukusanywa. Hesabu kubwa ambayo ingehitaji mtambo wa thamani kubwa hugawanywa katika mafurushi madogo madogo ya kazi. Kila furushi hutumwa kupitia intaneti kwa tarakilishi ya mtu aliyejiandikisha. Tarakilishi hiyo hupiga hesabu yake, hurudisha majibu kwenye seva ya mradi, kisha huomba furushi jingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Mradi ulioitangaza njia hii duniani ni SETI@home, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tarehe 17 Mei 1999. Lengo lake lilikuwa kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani ili kutafuta ishara za viumbe wenye akili nje ya dunia. Watu zaidi ya milioni 5 walijiunga. Kutokana na tajriba hiyo, wataalamu wa Berkeley waliunda programu iitwayo BOINC, ambayo huiwezesha miradi mbalimbali kutumia utaratibu mmoja. Mtu huweka programu hiyo katika mashine yake, huchagua mradi anaoupenda, na kuiacha ifanye kazi. Kuanzia mwaka wa 2013 programu hiyo imewezekana kutumika hata katika baadhi ya simu za mkononi, hasa zinapokuwa zimeunganishwa na umeme.

Miradi mingine ilielekezwa kwenye matatizo ya Afrika. Ule wa malariacontrol.net, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya tropiki iliyoko Basel, Uswisi, ulitumia tarakilishi za waliojitolea kukadiria jinsi malaria inavyoenea na jinsi chanjo na dawa zingeweza kupunguza makali yake. Mradi wa climateprediction.net wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliozinduliwa Septemba 2003, ulijishughulisha na tabianchi. Huu wa mwisho ndio uliokuja kugusa mvua ya Garissa.

Kwa Nini Tarakilishi Nyingi?

Kaskazini Mashariki ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 127,000. Mji wa Garissa, ulio kando ya Tana, hupata mvua ya wastani wa milimita mia tatu na kitu hivi kwa mwaka, nayo hujigawa katika misimu miwili. Wafugaji wa Kisomali huita msimu wa mvua ndefu Gu na ule wa mvua fupi Deyr. Kati yake huwapo Hagaa, kipindi cha upepo na ukavu wa katikati ya mwaka, na Jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Maisha ya mifugo hutegemea Gu na Deyr. Msimu mmoja ukikosa mvua, familia hupunguza mifugo. Misimu miwili ikifuatana, hali huwa ngumu. Mitatu ikifuatana, wengine huacha ufugaji kabisa na kuhamia pembezoni mwa miji.

Sasa chukua msimu mmoja uliokosa mvua. Msimu huo peke yake hauwezi kueleza chanzo chake. Ni sawa na kurusha dadu mara moja na kupata moja: mchezaji hawezi kujua kama dadu ni ya haki au imechezewa. Ili ajue, hana budi kuirusha mara nyingi, kisha ahesabu. Lakini mwaka wa 2016 ulitokea mara moja tu, na hauwezi kurudiwa.

Hapo ndipo kielelezo cha tabianchi kinapohitajika. Kielelezo hicho ni programu inayoiga mwendo wa hewa, joto, unyevu na mvua kwa kufuata kanuni za fizikia. Watafiti huiendesha programu hiyo maelfu ya mara kwa kuubadilisha kidogo mwanzo wa kila jaribio. Kundi moja la majaribio huiga dunia kama ilivyo leo, ikiwa na gesi zilizoongezwa hewani na viwanda na magari. Kundi la pili huiga dunia ambayo ingekuwapo kama gesi hizo zisingeongezwa. Kisha misimu mikavu huhesabiwa katika kila kundi. Ikiwa misimu mikavu ni mingi zaidi katika kundi la kwanza, binadamu ana mkono wake katika ukame. Ikiwa idadi inakaribiana, chanzo kitafutwe kwingine.

Majaribio maelfu kwa maelfu huhitaji uwezo mkubwa wa hesabu. Mtambo mmoja wa chuo kikuu ungechukua muda mrefu mno, na kuukodi ni ghali. Kwa hiyo tawi la climateprediction.net liitwalo weather@home liligawa majaribio hayo kwa watu waliojitolea. Kila tarakilishi ilipewa mwaka au msimu wake wa kuiga, ikiwamo misimu ya Afrika Mashariki.

Pamoja na hayo, kielelezo hakiwezi kuaminiwa bila kulinganishwa na mvua iliyopimwa ardhini. Katika eneo hili lote pana, vituo vikuu vya hali ya hewa vyenye kumbukumbu za miaka mingi ni vichache: Garissa, Wajir na Mandera. Uchache huo huwalazimu watafiti kutumia pia picha za setilaiti na makadirio, na huongeza shaka katika majibu. Hivyo kazi ya mpimaji mvua wa Garissa, anayesoma kipimo chake kila asubuhi, na kazi ya tarakilishi iliyo mbali ng'ambo ya bahari zinategemeana, ingawa wenyewe hawajuani.

Yanayowavunja Moyo Wenye Kujitolea

Mtu anayejiunga na mradi wa namna hii huja na hamu kubwa. Baada ya miezi michache hamu hiyo hukutana na mambo manne yanayokera.

Jambo la kwanza ni kazi kupotea. Vielelezo vya tabianchi vya climateprediction.net vilijulikana kwa urefu wake. Furushi moja liliweza kuishughulisha tarakilishi ya nyumbani kwa wiki au miezi. Umeme ukikatika vibaya au programu ikikwama, kazi ya siku nyingi huweza kupotea. Mfano mkubwa zaidi ulitokea mwaka wa 2006. Mwezi Februari mwaka huo, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilishirikiana na watafiti wa Oxford kuwaalika watazamaji waiige tabianchi ya dunia kuanzia mwaka wa 1920 hadi 2080. Watu wengi mno waliitikia mwito. Mwezi Aprili watafiti waligundua kosa katika faili moja la data lililohusu chembechembe za salfeti, ambazo hupunguza joto la jua linalofika ardhini. Kwa sababu ya kosa hilo, dunia iliyokuwa ndani ya vielelezo ilipata joto haraka kupita kiasi. Ilibidi kazi ianzishwe upya tangu 1920. Mashine zilizokwisha kufanya kazi mchana na usiku kwa majuma kadhaa zilijikuta zimerudi mwanzo.

Jambo la pili ni kukosa kazi. Huenda likashangaza, lakini mwenye kujitolea hukasirika zaidi tarakilishi yake inapokaa bure kuliko inapochoshwa. Mfano ulio karibu na Afrika ni mradi wa mvua ya Afrika ulioanza Oktoba 2019 chini ya World Community Grid, mtandao ulioanzishwa na kampuni ya IBM mwaka wa 2004. Mradi huo, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft nchini Uholanzi, ulikusudia kuiga mvua ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja, ili hata mvua za radi zinazonyesha hapa na kuacha pale zionekane. Aina hiyo ya mvua ndiyo inayofahamika sana Garissa, ambako kijiji kimoja huweza kulowa na cha jirani kikabaki kikavu. Bara liligawanywa katika vipande zaidi ya 35,000, na kila furushi lilihusu saa 48 tu za kipande kimoja. Saa 48 zinazofuata hazingeweza kuanza kabla ya zile za awali kurudishwa, kwa kuwa mwisho wa jaribio moja ndio mwanzo wa lingine. Mtu mmoja aliyezima mashine yake na kusahau aliweza kukizuia kipande chake kisiendelee mpaka muda wake uishe na kazi ipewe mwingine.

Jambo la tatu ni seva kunyamaza. Mwaka wa 2021 ilitangazwa kwamba World Community Grid ingehamishwa kutoka IBM hadi Taasisi ya Utafiti ya Krembil iliyoko Toronto, Kanada. Uhamisho ulipofanyika mwaka wa 2022, kazi ilisimama kwa miezi, na hata iliporejea ilikuwa na matatizo mengi. Miongoni mwa walioathirika ni wale waliokuwa wakiiga mvua ya Afrika. Taasisi ndogo iliachiwa mzigo uliokuwa ukibebwa na kampuni kubwa, na wenye kujitolea walibaki wakitazama vioo vya tarakilishi visivyo na habari.

Jambo la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kutojua kazi imefaa nini. Miradi hutoa alama kwa kila furushi lililokamilika, na wapo wanaoshindana kwa alama hizo kama wachezaji wa ligi. Lakini alama hupima kazi iliyofanywa na mashine. Hazipimi ujuzi uliopatikana. Mtu huweza kuwa na alama milioni na asijue kama kuna jambo hata moja lililogunduliwa. Wale waliotumia tarakilishi zao kwa SETI@home walisubiri zaidi ya miaka 20. Mradi ulipoacha kusambaza kazi tarehe 31 Machi 2020, hapakuwa na ishara yoyote iliyothibitishwa kutoka kwa viumbe wa sayari nyingine.

Jibu Lililochelewa na Jibu Lisilopendeza

Ucheleweshaji wa matokeo si uzembe daima. Majibu yakisharudi, ni lazima yakaguliwe, yale yenye kasoro yaondolewe, yalinganishwe na vipimo halisi, yaandikwe, kisha makala yasomwe na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Wale walioanza upya mwaka wa 2006 waliyaona matokeo makuu ya jaribio lao katika jarida la kisayansi mwezi Machi 2012, yaani miaka sita baadaye. Makala hayo, yaliyotokana na majaribio yapatayo 10,000, yalikadiria kwamba kufikia mwaka wa 2050 joto la dunia lingeweza kupanda kwa nyuzi kati ya 1.4 na 3 za Selsiasi likilinganishwa na wastani wa miaka ya 1961 hadi 1990. Kama watafiti wangeificha kasoro ya Aprili 2006, jibu lingepatikana mapema, lakini lingekuwa la uongo.

Kuhusu Afrika Mashariki, matokeo yalikuja kwa awamu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulichunguza ukame wa mwaka wa 2014 katika Pembe ya Afrika kwa kutumia weather@home. Haukuona dalili kwamba shughuli za binadamu ziliongeza uwezekano wa mvua kuwa haba, lakini ulionyesha kwamba joto lilikuwa limezidi na kwamba nishati inayofika ardhini imeongezeka, mambo ambayo hukausha udongo na mimea. Utafiti mwingine kuhusu ukame wa Kenya wa mwaka wa 2016 ulitolewa kwanza mwaka wa 2017, kisha ukachapishwa jaridani mwaka wa 2018. Huo ulitumia njia tatu, mojawapo ikiwa tarakilishi za waliojitolea. Nao pia haukupata ushahidi thabiti kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliathiri sana uhaba wa mvua ya mwaka huo. Ulipata jambo jingine: hali ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ya katikati na mashariki, iliongeza uwezekano wa mvua haba kama ile. Joto lililozidi huenda lilizidisha makali ya ukame.

Kwa mtu aliyetoa umeme wake kwa miaka akitarajia kusikia ugunduzi mkubwa, jibu kama hilo huweza kumvunja moyo. Huenda akauliza: je, nimechosha mashine yangu ili niambiwe kwamba hakuna kitu? Swali hilo linaeleweka, lakini linajibika vizuri zaidi kwa mfano kutoka Kaskazini Mashariki kwenyewe.

Katika desturi ya wafugaji wa Kisomali, familia haihami kwa kubahatisha. Watu wenye ujuzi hutumwa kutangulia, wakatazame mvua ilikonyesha, hali ya malisho, umbali wa maji na usalama wa njia. Shughuli hiyo huitwa 'sahan'. Mtu aliyetumwa huweza kutembea siku kadhaa na kurudi akisema kwamba upande aliouendea hauna nyasi. Hakuna mzee atakayemlaumu kwamba amepoteza wakati. Habari yake imeikoa mifugo isifie njiani, na imewaonyesha wenzake kwamba watafute upande mwingine. Atakayelaumiwa ni yule aliyeona ukavu akasema ameona majani, au yule aliyekwenda na asirudi kutoa habari.

Matokeo ya mwaka wa 2015 na 2018 yalikuwa habari ya namna hiyo. Yalionyesha kwamba kwa misimu ile, jicho lielekezwe kwenye hali ya bahari na kwenye joto, badala ya kudai kila mvua iliyokosekana imeletwa na moshi wa viwanda. Maana yake ni kubwa kwa Garissa. Hali ya La Niña huweza kutambuliwa miezi kadhaa kabla ya mvua za vuli. Kwa hiyo upo muda wa kuuza mifugo ingali na thamani, kuweka akiba ya malisho na kukarabati visima. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyoundwa mwaka wa 2011, ina wajibu wa kutoa tahadhari za namna hiyo katika kaunti kame.

Aidha, jibu la kwanza halikuwa la mwisho. Kuanzia vuli ya mwaka wa 2020 hadi ile ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika Pembe ya Afrika, na Kaskazini Mashariki ikapoteza mifugo mingi. Mwezi Aprili 2023 kundi la watafiti lililoongozwa na Joyce Kimutai, mwanasayansi Mkenya, lilieleza kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame huo wa mimea na udongo uwezekane kwa angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu ya joto linalonyonya unyevu ardhini. Joto lile lile lililotajwa kwa tahadhari katika tafiti za awali ndilo lililotokea kuwa kiini cha jambo. Bila hatua za mwanzo zilizotofautisha upungufu wa mvua na ukaukaji unaoletwa na joto, jibu la 2023 lingekuwa gumu kueleweka.

Subira Yenye Masharti

Kutokana na maelezo hayo, yapo makosa mawili ya kuepukwa. Kosa la kwanza ni la mwenye kujitolea anayedhani kwamba kila furushi la kazi litazaa ugunduzi. Utafiti hauendi hivyo. Jaribio moja kati ya maelfu halina maana likiwa peke yake. Maana yake huja linapohesabiwa pamoja na mengine.

Kosa la pili ni la mtafiti anayedhani kwamba kwa kuwa mtu amejitolea, basi hana haki ya kuuliza. Mtu asiyelipwa fedha hulipwa habari. Mradi unaochukua umeme wa watu kwa miaka na usiwaeleze umefika wapi umevunja ahadi, hata kama hakuna mkataba uliotiwa saini. Watafiti wa Oxford walipotangaza wazi kosa la 2006, walipoteza baadhi ya washiriki, lakini waliobaki walijua kwamba wanafanya kazi na watu wasemao kweli. Kusema kwamba seva imeharibika, kwamba fedha zimepungua, au kwamba jibu ni hapana, ni sehemu ya malipo ya mwenye kujitolea. Hivyo subira yake ina masharti: yeye husubiri jibu, na mtafiti humletea habari za safari.

Masharti hayo yana upande wa pili ambao husahaulika. Mwenye tarakilishi anaweza kujitoa akichoka. Hubonyeza kitufe na mambo yakaisha. Mfugaji wa Fafi, Ijara au Balambala hana kitufe cha kubonyeza. Yeye hakujiandikisha katika mradi, lakini mvua yake ndiyo iliyofanyiwa hesabu, na matokeo yanahusu maisha yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kwa miaka mingi hata kushiriki kwake kulikuwa kugumu. Nyaya za kwanza za intaneti zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009 tu, na hata baada ya hapo kuiacha tarakilishi ikipiga hesabu mchana kutwa katika joto la Garissa ni gharama ambayo wachache wanaimudu. Kwa hiyo aliyehusika zaidi na swali ndiye aliyekuwa mbali zaidi na jibu.

Wajibu wa Lugha

Umbali huo si wa nyaya na umeme peke yake. Ni wa lugha pia. Tafiti zilizotajwa hapa zilichapishwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Mzee wa Garissa anayezungumza Kisomali na kuelewa Kiswahili hawezi kuzipata habari hizo mpaka zipitie kinywa cha mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hayupo. Ni kama sahan iliyorudi na kutoa habari katika boma lisilo lake.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi katika jambo hili. Kwa muda mrefu mijadala ya istilahi imejikita katika kuamua kama mashine iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mijadala hiyo ina faida, lakini jina la mashine ni mwanzo tu. Kazi kubwa zaidi ni kueleza kwa Kiswahili fasaha kinachofanywa na mashine hiyo: tofauti ya hali ya hewa ya leo na tabianchi ya miaka mingi, maana ya uwezekano ulioongezeka, na tofauti ya mvua kuwa haba na udongo kukauka. Mambo hayo hayahitaji maneno mageni mengi. Yanahitaji mtu anayeelewa hesabu na anayejua pia jinsi watu wanavyozungumza kisimani na mnadani. Mwanafunzi atakayeandika kurasa mbili za aina hiyo, zikasomwa redioni au kutafsiriwa kwa Kisomali, atakuwa amejitolea kwa namna isiyopungua ile ya mwenye tarakilishi, naye pia atahitaji subira kabla ya kuona faida ya kazi yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukokotoaji wa kujitolea umesaidia kutafuta jibu la swali zito la wakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki, na kwamba jibu hilo lilikuja polepole, kwa vipande, na mara nyingine kwa sura isiyotarajiwa. Kuvunjika moyo kwa wenye kujitolea kuna sababu za kweli: kazi zilizopotea, seva zilizonyamaza na matokeo yaliyochelewa. Hata hivyo, jibu la hapana likisemwa kwa uaminifu lina thamani, kwa maana humzuia mtu kuelekea pasipo na malisho.

Mstahimilivu hula mbivu, lakini ni sharti aambiwe tunda linapoiva. Tangu mwanzo, habari za hesabu hizi zimemfikia mwenye tarakilishi kwa kuchelewa. Mwenye ngamia na mbuzi, aliye katika Jilaal akitazama upande wa mawingu, bado anangojea zake kwa lugha anayoielewa.